Sindano za Spoki

Rekodi ya kwanza niliyomfanyia Cucu ina urefu wa dakika 72. Katika muda huo wote anazungumzia miaka ya hali ya hatari kwa dakika 19 tu, nilizihesabu. Dakika zilizobaki anafukuza kuku aliyeingia sebuleni, anapokea simu ya binamu yangu wa Ruiru anayetaka aombewe kabla ya mtihani wa udereva, anamweleza jirani kwamba maziwa ya leo yameshauzwa, ananiuliza mara tatu kama nimekula, na anahesabu. Anahesabu kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, hadi ishirini na nne, kisha anageuza kazi yake na kuanza upya. Ukisikiliza kwa makini utazisikia sindano zake, chuma kwa chuma, ti, ti, ti, kama saa ya ukutani isiyojali sana majira.

Nilipoinakili rekodi hiyo kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nilifanya nilivyofundishwa. Niliondoa kuku, nikaondoa simu, nikaondoa jirani na chakula. Kila alipohesabu niliandika neno moja, "anafuma", nikaendelea. Nikabaki na kurasa tano safi kabisa. Msimamizi wangu alizisoma akasema ni nzuri, halafu akaniuliza huyu bibi anaishi wapi. Nikamjibu Mathira, kaunti ya Nyeri. Akasema, "Hapana, nauliza anaishi wapi ndani ya kurasa hizi."

Swali hilo lilinikera wiki nzima. Wiki iliyofuata nilipanda matatu ya Karatina nikarudi kwa Cucu, safari hii bila orodha ya maswali.

Cucu ana miaka 89 kwa hesabu ya kitambulisho, na zaidi kidogo kwa hesabu yake mwenyewe. Asubuhi husimama kando ya kijana anayemkamulia ng'ombe, akimkosoa. Akishakunywa chai hungoja jua lifike barazani, ndipo anapotoa kiti, kiondo chenye uzi, na sindano. Hufuma sweta za watoto wachanga wa ukoo wetu, ambao hawaishi. Haulizi kama ni mvulana au msichana. Hufuma ya manjano au ya kijivu, na anayetaka rangi nyingine aende dukani. Nimekaa naye siku nyingi sasa, na sijawahi kumwona akimaliza safu kumi bila mtu kumkatiza. Mtoto wa jirani anataka chenji. Kiongozi wa chama chao cha akina mama anapita kuuliza habari za mchango. Maziwa yanafurika jikoni, jambo linalotokea mara nyingi kuliko anavyokubali. Kila akiinuka huacha kazi yake mahali palepale kitini, na akirudi huipapasa kwa kidole gumba, akitafuta alipofikia, kama mtu anayesoma gizani.

Sindano zenyewe ni spoki za baiskeli. Zilikuwa nne, sasa ni tatu, na moja imepinda kidogo. Shangazi yangu alimletea nyingine kutoka Nairobi, za plastiki, zenye vichwa vya rangi. Cucu anasema zinafaa kukorogea uji.

Mtu akikuambia kwamba kufuma kwa sindano mbili ni mambo ya Wazungu, mpeleke Misri. Miongoni mwa vitu vya kale zaidi tulivyo navyo vilivyofumwa kwa namna hii ni soksi za pamba kutoka huko, za karne ya 11 hadi ya 14, nyingine zikiwa na mapambo ya buluu na nyeupe yaliyopangwa kwa ustadi ambao mimi, niliyejifunza kwa video, siuwezi. Kutoka pande hizo za Bahari ya Kati kazi hii ilisambaa Ulaya, na karne nyingi baadaye ikarudi Afrika kwa mlango mwingine, ndani ya masanduku ya wake za wamishonari. Kwetu ilipitia kwa Waskoti wa Thogoto na wa Tumutumu, kilima kilichoko karibu na nyumbani kwa Cucu. Mwaka 1925 Jeanes School ikaanzishwa Kabete. Pale walimu wa Kiafrika walikuja kusoma pamoja na wake zao, na wakati mume akifundishwa ualimu, mke alifundishwa nyumba: usafi, mapishi, malezi, kushona. Mahali hapohapo leo pana chuo cha kufundishia watumishi wa serikali, na sidhani wengi wanaopita langoni wanajua kwamba hapo ndipo wake za walimu walipopewa somo la namna ya kuwa mke.

Lakini mikono ya wanawake wa Mathira haikuwa imekaa bure ikingoja somo. Mama yake Cucu alisuka viondo maisha yake yote. Alisuka akienda mtoni, akirudi kutoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ya mzigo ikiwa imemkaza kwenye paji la uso na vidole vikiendelea chini yake bila kutazamwa. Kwa Kikuyu kazi hizo mbili zina kitenzi kimoja. Kiondo ni gũtuma, na sweta ni gũtuma. Niliyaona hayo kuwa mambo madogo ya lugha hadi Cucu aliponiambia kwamba siku ya kwanza ya darasa la kufuma mwalimu alishangaa jinsi akina mama walivyokuwa wepesi wa kushika. "Alidhani yeye ni mwalimu mzuri sana," alisema.

Darasa hilo ndilo lililonifanya nianze utafiti huu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Mwaka huohuo Maendeleo ya Wanawake ilianza, chini ya mkono wa serikali. Sidai kwamba moja lilizaa lingine. Wazo la vilabu vya akina mama lilikuwepo Kabete tangu zamani. Ila haukupita muda mambo hayo mawili yakawa yanakula sahani moja. Serikali ilikuwa imetambua kwamba wapiganaji wa msituni hawali majani. Chakula, habari, dawa, hata risasi zilipitia mikononi mwa wanawake, kwenye viondo vilevile, chini ya viazi. Thomas Askwith, aliyesimamia idara ya maendeleo ya jamii, alitumwa Malaya mwaka 1953 akaone jinsi Waingereza walivyokuwa wakipambana na uasi wa huko. Malaya watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya vyenye ulinzi. Kuanzia katikati ya 1954 dawa hiyo ililetwa kwetu. Katika muda usiozidi miaka miwili watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walitolewa katika boma zao na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba walizoziacha zilichomwa.

Cucu hasemi kijiji. Husema gicagi, neno letu la Kikuyu lililotokana na hilohilo la kijiji, na akilitamka mdomo wake hukaza. Gicagi lilikuwa na vibanda vilivyopangwa mistari, ua wa miti iliyochongwa, handaki, na lango moja. Mtu alitoka kwa saa chache kwenda shambani, na filimbi ikilia alirudi, awe amechimba viazi au hajachimba. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Guka alikuwa Manyani, alichukuliwa Cucu akiwa na mimba ya mjomba wangu mkubwa. Kwa hiyo kazi ya kulazimishwa iliwaangukia wanawake. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa handaki la kando ya msitu wa Mlima Kenya, la urefu wa kilomita 80 hivi, lililopandwa vigingi vya mianzi vilivyochongwa ncha, ili walio msituni wasitoke na walio nje wasiwafikie. Walilichimba kwa majembe, watoto wakiwa mgongoni.

Katikati ya maisha hayo, mchana mmoja kila wiki, Landrover ilikuja na mama wa Kizungu pamoja na mwalimu wa Kiafrika aliyesomea Kabete. Walikaa chini ya mti karibu na kituo cha ngati, yaani wale walinzi walioshika bunduki upande wa serikali. Watoto walipewa maziwa. Akina mama walifundishwa kuoka keki kwenye sufuria, kumwogesha mtoto, kushona, na kufuma. Sindano ziliazimwa. Mwisho wa somo zilihesabiwa kwa makini, kwa kuwa zilikuwa chuma chenye ncha.

Ndiyo maana Cucu alijitengenezea zake. Baiskeli ya guka ilikuwa imeegemea ukuta wa kibanda, haiendi popote. Alichomoa spoki nne kutoka gurudumu la nyuma, akazinoa kwenye jiwe, akachomeka vipande vya kizibo upande wa pili ili vitanzi visiteleze. Guka aliporudi mwaka 1958 aliiendesha baiskeli hiyo hadi Karatina na gurudumu likayumba njia nzima. Cucu akifika hapa hucheka hadi anashika ubavu. Hii ndiyo sehemu ya hali ya hatari ambayo familia yetu yote inaijua.

Mimi nilizijua nyingine kwa kusoma. Nilikaa wiki nyingi katika hifadhi ya nyaraka za taifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa la Bank of India, ambalo wengi wa rika langu wanalijua kama mahali pa kumngojea mtu aliyechelewa. Nilisoma ripoti za idara, zenye hesabu ya vilabu na wanachama. Zina lugha ya kuridhika. Ukizisoma kwa muda mrefu unaanza kudhani kwamba nchi nzima ilikuwa ikifuma. Nikaandika sura yenye hasira. Nilisema vilabu vilikuwa silaha ya serikali, kwamba mwanamke aliyeshughulishwa na kofia ya mtoto hapeleki chakula msituni. Nilichora na jedwali lenye safu mbili: waliojiunga na waliokataa. Na nilikuwa na sentensi niliyoipenda mno, kwamba wanawake hawa walifungwa kwa uzi.

Kosa langu, au bahati yangu, ni kwamba nilimsomea Cucu sura hiyo, nikitafsiri njiani. Alisikiliza akifuma. Nilipofika kwenye uzi aliinua macho.

"Nani alinifunga? Uzi niliununua."

Nikamweleza kwamba ni namna ya kusema.

"Niliununua kwa pesa za mayai," alisema. "Kama mtu amekufunga, hununui kamba."

Halafu akanipa historia ya pesa hizo, na hapa sikuwa na swali hata moja kwenye daftari. Hali ya hatari ilipoondolewa mwaka 1960 na watu wakarudi kwenye mashamba, ambayo wakati huo yalikuwa yamepimwa na kugawanywa upya, wanawake walirudi na spoki zao. Asubuhi za Mathira ni baridi, na watoto walikuwa wakienda shule kwa wingi kuliko wakati wowote. Cucu alifuma sweta za kuuza Karatina. Aliyekosa pesa alilipa kwa mahindi. Miaka iliyofuata uhuru wanawake wa Nyeri walianzisha vikundi ambavyo watu waliviita vya mabati. Kila mmoja alitoa kidogo, na kwa zamu kila mmoja aliezekewa nyumba, majani yakatoka na mabati yakapanda. Kikundi cha Cucu kilitokana na wanawake walewale waliokaa chini ya mti wa ngati. Walijuana pale. Walijua nani mkweli wa pesa na nani si mkweli, kwa sababu walikuwa wamegawana uzi. Chama chenyewe cha Maendeleo kilipita kwenye mikono ya Waafrika, baadaye kikamezwa na KANU mwaka 1987, lakini mambo hayo Cucu huyapuuza kwa mkono. Anakumbuka mabati. Yapo bado, juu ya jiko.

Mama yangu alirithi mikono lakini hakurithi uvumilivu. Mwaka 1989 alinunua mashine ya kufuma, kuukuu, kwa pesa za chama. Kama hujawahi kuiona, ni kitu kirefu kama meza ya kulia, chenye mamia ya sindano ndogo zilizolala sambamba, na juu yake kuna kipande kizito unachokisukuma kulia na kushoto. Kila msukumo ni safu nzima. Kazi ambayo Cucu huifanya kwa wiki, mama aliifanya kwa nusu siku, kama hakuna aliyemkatiza. Mashine ilikaa sebuleni, kwenye nyumba ya vyumba viwili, Karatina. Kwa hiyo alikatizwa.

Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni Januari 2003. Serikali mpya ya Kibaki ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni walijitokeza kote nchini. Vitabu vya historia vinaeleza madarasa yaliyojaa na wanafunzi waliokaa chini ya miti. Mimi nilikuwa na miaka mitano na ninachokumbuka ni uzi. Kila mmoja wa watoto wale alitakiwa kuwa na sweta, na inaonekana wengi walikuwa Karatina. Uzi wa kijani, wa maroon, wa buluu, ulikuwa kitandani, ulikuwa kwenye viatu, siku moja ulikuwa kwenye ugali. Tulikula tumesimama kwa kuwa mezani palikuwa na mikono ya sweta. Mama alisukuma mashine hadi usiku wa manane, chwaa, chwaa, nami nililala kwa mlio huo. Baba, ambaye mbele za watu alisema hiyo ni kazi ya wanawake, alikaa sakafuni akiunganisha pande za sweta kwa sindano ya mkono, mapazia yakiwa yamefungwa. Alikuwa na mshono mzuri kuliko wa mama. Hilo halijawahi kutajwa nje ya nyumba yetu hadi leo, samahani baba.

Usiku mmoja kaka yangu alitaka kujua kitu kile kizito kinasukumika vipi. Alikivuta chote nje ya reli. Vitanzi vyote vilitoka kwa pamoja, na mbele nzima ya sweta ikaanguka miguuni mwa mama. Hakupiga mtu. Alikaa chini, akaitazama, tukanyamaza sote wanne. Mwishowe akasema, "Leteni chai."

Biashara hiyo haikufa siku moja. Soko la mitumba lilikuwa limefunguliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sweta iliyovaliwa Ulaya iliuzwa kwa bei ndogo kuliko ya uzi. Mama akajifunza kununua sweta za mitumba ili kuzifumua na kutumia uzi wake, kama wasusi wa viondo walivyokuwa wakifanya miaka mingi kabla yake. Kilichomchosha ni shule moja ya karibu. Iliagiza sweta 60 kwa mdomo, halafu muhula ulipofunguliwa ikawaambia wazazi wanunue kwenye duka moja tu mjini. Mama hakugombana na mtu. Alifumua nyingi ya sweta hizo, moja baada ya nyingine, na mimi nilishika uzi mikono ikiwa imenyooshwa mbele hadi ikauma. Uzi uliofumuliwa hautulii. Unakumbuka mikunjo yake, unabaki umejikunjakunja, inabidi uuloweke na kuuanika ukiwa na uzito chini. Mashine ilifunikwa kwa kitambaa, ikawa mahali pa kuwekea televisheni.

Haya yote Cucu anayajua, na ndiyo aliyokuwa akinikumbusha aliposema aliununua uzi. Nikaenda kuifuta sentensi yangu. Jedwali niliona libaki. Lilikuwa jedwali zuri.

Safari ya nne jua lilikuwa limefichama, na Cucu akanituma chumbani nimletee shali kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Chini ya shali palikuwa na sweta ya mtoto, ya kijivu, nzito, iliyofumwa kwa uzi wa kizamani unaochoma vidole. Ilikuwa na mkono mmoja. Upande wa pili vitanzi vilikuwa vimepitishwa kamba ya katani visifumuke, tayari kuendelezwa. Nikatoka nayo.

"Na hii?"

"Uzi uliisha," alisema, akaendelea kuhesabu.

Simu yangu ilikuwa ikirekodi juu ya stuli. Tukakaa. Kuku akaingia, akafukuzwa. Jirani akaja, akaketi, akatueleza kisa kirefu cha mpaka wa shamba, akaondoka. Cucu aliipapasa kazi yake, akapata alipokuwa, akafuma vitanzi kama sita hivi. Kisha akazungumza, bila kuniangalia, kama anayeendeleza jambo tulilokuwa nalo tangu asubuhi.

Dada mdogo wa guka alikaa kibanda cha pili ndani ya gicagi. Mume wake alikuwa msituni. Alikuwa na mtoto wa umri mmoja na mjomba wangu. Alikataa kukanyaga chini ya mti ule. Alisema maziwa yale hayatapita kooni mwake. Na aliyekuwa darasani siku hiyo hakupelekwa handakini, ila ambaye hakuwa darasani alikwenda. Kwa hiyo siku ya darasa yeye alichimba, na mtoto alibaki na Cucu.

"Sasa ningefanya nini, nimwache nje ya mstari wa maziwa?"

Aliwaandikisha wale watoto kama mapacha. Miezi kadhaa wakanywa maziwa hivyo, wifi yake akijua na asiseme, yeye akijua kwamba anajua. Ili mapacha wafanane alianza sweta mbili za kijivu kwa kipimo kimoja. Ya mjomba ilitangulia kwa sababu mjomba alikuwa na kikohozi. Ya pili ilifika mkono mmoja. Mvua za 1955 ziliwakuta vibanda vikivuja, na tumbo la kuhara likapita gicagi zima. Watoto wengi walikufa mwaka ule. Historia zilizoandikwa zinasema hivyo pia, njaa na maradhi katika vijiji vile.

"Hakungoja," Cucu alisema.

Nilimuuliza kama waliwahi kugombana, yeye na wifi yake. Akasema hapana. Nikamuuliza kama waliwahi kulizungumzia. Akasema, "Tulilima pamoja miaka arobaini." Simu yake ikalia. Alikuwa binamu wa Ruiru.

Usiku ule nilirudi kwenye rekodi ya kwanza, ile nzima, ya dakika 72. Nilitaka kujua kitu. Baada tu ya ile simu ya kwanza, katika sehemu niliyoikata kwa sababu nilidhani ni maneno ya kuagana, Cucu anasema polepole, "Mmoja alichimba, mmoja alifuma." Halafu anahesabu hadi ishirini na nne. Mimi nasikika nikiuliza swali namba saba, kuhusu mwaka wa kuanzishwa kwa klabu.

Jedwali nililifuta. Sikujua mtoto yule ningemweka safu gani. Alikunywa maziwa ya waliojiunga, na mama yake alikuwa miongoni mwa waliokataa. Na yule aliyefuma, ambaye kwenye ripoti za serikali angehesabiwa kama ushindi mmoja zaidi, alikuwa akiwaibia maziwa kila wiki huku akijifunza ukingo wa kofia. Bado naamini vilabu vile viliwekwa ili kuwatuliza wanawake, na sura yangu inasema hivyo kwa ushahidi. Ila sasa inaanza kwa kuku. Nimezinakili rekodi upya, na kila kelele iko mahali pake: nani aliingia, alitaka nini, na Cucu alisema nini alipoondoka. Zimekuwa kurasa 131. Msimamizi wangu amelalamikia urefu.

Nilimwomba Cucu ruhusa ya kuandika habari za mapacha. Aliniuliza kama mama yule wa Kizungu angali hai. Nikasema sidhani. Akafikiri.

"Basi andika. Hawawezi kudai maziwa yao."

Sweta ameirudisha sandukuni, chini ya shali. Sikumwomba. Jana amenipigia saa mbili usiku nikiwa maktaba. Binamu amefeli mtihani wa udereva tena, dada yangu mkubwa anatarajia mtoto mwezi wa nane, na nikija nipitie Karatina nimletee uzi wa kijivu, robo kilo, si ule unaotoa manyoya.